Anwani Niliyoibuni Mwenyewe

Juzi mtoto wa kaka yangu aliniambia kwamba ameshatuma maombi ya kazi, kwa hiyo sasa anangoja kuitwa tu. Nikamuuliza amejuaje kuwa yamefika. Akanigeuzia simu yake nione: shangazi, si imeandikwa imetumwa. Nikacheka mpaka akanuna. Ilibidi nimwombe radhi, maana sikuwa namcheka yeye. Nilikuwa namcheka mwanamke mmoja wa Kikuria aliyekaa mbele ya kompyuta huko Homa Bay, miaka ya tisini ikielekea kuisha, akiliamini neno hilo hilo kwa moyo wake wote. Mwanamke huyo ni mimi, na kuamini kwangu nusura kuwaponze wanawake kumi na wanne.

Nawaambia mapema kwamba yaliisha salama, ili msome mkiwa mmetulia. Mimi mwenyewe nikiyakumbuka sasa, kinachonijia kwanza si woga wa siku zile. Ni ile pumzi niliyoishusha mwishoni, pumzi ndefu ya mtu aliyetua gunia la mahindi baada ya kupanda mlima nalo.

Naitwa Rhobi, kwetu ni upande wa Kehancha. Niliajiriwa kama mpiga chapa katika hospitali ndogo ya misheni karibu na Homa Bay, na miezi michache baadaye nikawa mtu wa barua pepe kwa sababu moja tu: mimi ndiye niliyekuwa na vidole vya haraka. Hakuna aliyenifundisha. Kompyuta ilikuja kwenye sanduku, ikawekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, na waya wa simu ukavutwa kutoka mapokezi. Wenzangu walikuwa Wajaluo karibu wote. Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni na Kikuria hawakukijua hata kidogo, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, na wao wakaniita nyar Kuria, binti wa Kuria. Hata majina yalipoitwa siku ya mshahara niliitwa hivyo.

Barua zetu hazikuruka angani kama zenu. Nilikuwa naziandika asubuhi, zinapangwa foleni ndani ya mashine, na saa saba mchana, wagonjwa wa nje wakishapungua na simu ikiwa haina kazi, naibonyeza modemu. Inapiga simu Nairobi, inalia kama kuku aliyebanwa mlangoni, kisha inanyamaza. Huko Nairobi kulikuwa na kampuni ndogo yenye mashine kubwa ya barua. Mashine hiyo inapokea za kwangu, inanipa zilizonifika, halafu simu inakatwa. Baada ya hapo ni Nairobi yenyewe inayozipeleka barua duniani, kutoka mashine moja kwenda nyingine, mimi nikiwa nakula ugali. Zile za zahanati yetu ya Migori zilinijia kila Jumanne kwenye flopi, kile kidiski bapa cha plastiki, ndani ya gari la hospitali, na mara nyingi flopi hiyo ilikuwa moto kama chapati kwa kuachwa juani pale mbele ya dereva, gari likifuata matrela ya miwa tangu Awendo.

Sasa kosa langu.

Kampuni ya Nairobi ilitupa anwani yenye jina lao: namba ya mteja wao, kisha alama ya @, kisha jina la kampuni. Daktari Omollo, aliyekuwa mkuu wa hospitali, hakuipenda. Alisema inaonekana kama namba ya mfungwa. Alitaka anwani yenye jina la hospitali, kama hospitali kubwa za ng'ambo. Mimi nikafungua sehemu ya mipangilio, nikaona kisanduku kilichoandikwa jina la mtumaji, nikafuta ile ya zamani na kuandika jina la hospitali yetu, nukta, na herufi za Kenya mwishoni. Mashine haikubisha. Nikatuma barua ya majaribio kwa rafiki yangu aliyekuwa Nairobi na mwenye akaunti kwa kampuni ile ile, ikafika ikiwa na jina zuri juu yake. Daktari alifurahi akaniagizia soda. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba jina la namna hiyo husajiliwa, liwe na mwenyewe, mashine nyingine ziweze kuuliza lipo wapi. Mimi nilikuwa nimelibuni tu, kama mtu anayejiandikia sanduku la posta ambalo posta haijawahi kulijenga.

Hilo lilitokea wiki moja kabla ya kutuma orodha.

Orodha ilikuwa hivi. Kila mwaka kikundi cha madaktari wa upasuaji kutoka Ulaya kilikuja nchi za huku kwa wiki mbili kutibu wanawake wenye fistula. Kwa wasioijua: mwanamke akikaa na uchungu wa uzazi siku nyingi bila msaada, anaweza kubaki na tundu ndani, mkojo ukawa unavuja mchana na usiku bila yeye kuweza kuuzuia. Madaktari hao walikuwa wamefika kwetu mara moja, kabla sijaajiriwa. Mwaka huo walisema watarudi, lakini muuguzi aliyepanga safari zao, aliyeitwa Ingrid, alitaka kwanza orodha ya wagonjwa: umri, miaka waliyougua, vipimo vyao. Bila orodha wangekwenda nchi nyingine iliyokuwa tayari, maana wagonjwa wa namna hiyo hawakuwa wachache popote.

Tulipata wanawake kumi na wanne. Mmoja alikuwa Boke, rika langu, ambaye tulichota naye maji kisima kimoja utotoni. Mimba yake ya kwanza ilimweka kwenye uchungu siku tatu. Mtoto akafariki, naye akabaki anavuja. Mume alimrudisha kwao. Miaka minane alikuwa akikaa nje ya kanisa, upande wa dirisha, asikie mahubiri bila kumkera mtu kwa harufu. Mimi ndiye niliyemwandikia kwamba ugonjwa wake una tiba, na mimi ndiye niliyelipeleka jina lake.

Nikatuma orodha saa saba mchana. Modemu ikalia, ikanyamaza, skrini ikaandika kwamba barua imetumwa. Jumanne iliyofuata nikampa dereva wa Migori ujumbe: mwambieni Boke barua imefika Ulaya, ajiandae. Niliandika imefika. Sikuandika imetumwa.

Wiki moja baadaye Boke alishuka kwenye gari lile na kifurushi cha matambara. Alikuwa ameaga kwao. Alipewa kitanda katika nyumba ya wanaongojea, na kila asubuhi alisimama kwenye dirisha la chumba changu, mbali kidogo, akaniuliza kwa Kikuria kama wamejibu. Nilimwambia wanajipanga. Siku iliyofuata, wanajipanga. Nilituma orodha mara ya pili, na ya tatu. Kila mara mashine ilisema imetumwa, na kila mara nilisadiki, kwa sababu nilikuwa nikingoja ikatae na haikukataa.

Aliyenitoa usingizini ni Mzee Okelo. Huyu alikaa mapokezi akipokea simu, lakini kabla ya kustaafu alikuwa karani wa telegramu katika posta kwa miaka mingi. Alikuwa mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, na hakuipenda modemu yangu kwa sababu ilimnyang'anya simu yake kila mchana. Siku moja alinikuta nimeshika kichwa akaniuliza shida. Nilipomaliza kumweleza, hakuniuliza habari za kompyuta. Aliniuliza, barua zangu zinazokataliwa hurudi wapi.

Nikamwambia hakuna iliyokataliwa. Hata moja haijarudi.

Alivuta kiti. Akanieleza kwamba enzi zake, telegramu ikienda Mombasa na mwenyewe akakosekana, ofisi ya Mombasa ilituma taarifa kwa ofisi iliyoitoa: huyu hatukumwona. Kila wiki alipokea taarifa za namna hiyo, nyingine za kuchekesha. Palikuwa na kipindi ambacho hakupokea hata moja kwa mwezi mzima, akajisifu kwa bosi wake kwamba kituo chake kimekuwa bora. Kumbe namba ya kituo iliandikwa vibaya kwenye kitabu kipya, na taarifa zote za kukataliwa zilikuwa zinakwenda kituo kingine, ambako karani alizitumia kufungia karanga.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "kazi isiyorudisha hata kosa moja, usiisifu. Ulizia njia ya kurudi."

Vijana, hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii, na nimelipata kwa mtu ambaye hakuwahi kugusa kibodi.

Nilipiga simu Nairobi, kwa fundi wa ile kampuni, kijana aliyeitwa Mutua. Hakuwa na haraka, na kwa fundi hiyo ni sifa kubwa. Nilimtajia anwani tunayotumia akaniomba nirudie. Akaniomba nirudie tena, herufi kwa herufi. Kisha akaniambia nisikate simu, akaenda kutazama sanduku moja ambalo kila mashine ya barua inalo, la msimamizi, ambamo huanguka kila kitu kisicho na pa kwenda. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. Barua zetu za kukataliwa zilikuwa humo, za orodha zote tatu na nyingine za watu wengine tuliowaandikia nje, zimelundikana.

Alinieleza taratibu. Mashine ya hospitali ya akina Ingrid, kabla ya kupokea barua, huuliza kwanza: hili jina la mtumaji lipo duniani? Ikaulizia jina letu, ikaambiwa hakuna. Ikakataa. Ikarudisha taarifa kwa mtumaji, yaani kwa hilo hilo jina lisilokuwepo. Taarifa nayo ikakosa mlango, ikaangukia sanduku la msimamizi la Nairobi, ambalo Mutua alikiri halisomi, kwa sababu limejaa takataka. Nilikuwa nimejifungia mlango wa kwenda na wa kurudi kwa mkono mmoja.

Nilikwenda kwa Daktari Omollo nikamwambia yote, pamoja na soda. Nilidhani atanifukuza. Alisema yeye ndiye aliyetaka jina zuri. Akachukua simu, akamwomba opereta amuunganishe na Ulaya. Mashine yetu ya faksi ilikuwa imeunguzwa na radi mwezi uliotangulia, na radi za upande wetu hazina adabu, kwa hiyo hatukuwa na njia nyingine. Alimpata Ingrid kwa dakika mbili tu laini ikiunguruma. Alichosikia kabla haijakatika, isishike tena wiki ile, ni kwamba walituandikia mara moja kuuliza, hatukujibu, na kwamba Ijumaa wanaamua. Ilikuwa Jumatatu.

Hata hiyo barua yao ya kuuliza hatukuipata, kwa kuwa waliiandika kwa anwani mpya ambayo Daktari aliwatajia kwa fahari siku za nyuma kidogo, kwenye kadi.

Nilirudisha anwani ya zamani, ile ya namba ya mfungwa. Saa saba nikatuma. Jumanne saa saba nilipopiga tena, kitu kikaingia. Ilikuwa barua yangu mwenyewe imerudi, na juu yake maandishi ya mashine kwamba imekataliwa. Niliichapa nikampelekea Mzee Okelo karatasi ile nikiwa karibu kulia, naye akaisoma polepole, akatabasamu. Alisema sasa tumepona nusu. Jana hatukujua tunaumwa nini. Leo ugonjwa umeandikwa.

Alisema kweli. Safari hii jina letu lilikubalika, lakini mashine ya Nairobi yenyewe ndiyo iliyokuwa na doa. Nilipomsomea Mutua karatasi ile kwa simu aliuma maneno, kisha akanieleza bila kujitetea. Mashine yao ilikuwa imeachwa wazi: mtu yeyote duniani, hata asiye mteja, aliweza kuipa barua nayo ikampelekea. Zamani mashine nyingi ziliachwa hivyo, kwa ukarimu tu, jirani kumbebea jirani. Wajanja wa mbali wakaigundua, wakaitumia kusambaza matangazo ya dawa za kupunguza unene kwa watu maelfu. Watu wanaotunza orodha za mashine zenye sifa mbaya wakaiandika humo, na hospitali ya Ingrid ilikuwa inasoma orodha hiyo. Hivyo hata barua safi ikitoka humo ilinuka uchafu wa wengine. Mutua aliufunga mlango siku ile ile, akaomba jina la mashine yao litolewe. Akaambiwa watakaguliwa, itachukua siku kadhaa.

Sisi tulikuwa na siku tatu.

Jumatano asubuhi Boke alikuja dirishani kama kawaida. Sikuweza tena kusema wanajipanga. Nilitoka nje nikamweleza ukweli, kwamba niliandika imefika nikiwa sijui, kwamba kosa ni langu, na kwamba bado tunajaribu. Alinisikiliza akiwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Nilitegemea lawama. Aliniuliza tu kama kuna kitu cha kufanya na yeye, kama kuchota maji au kufagia, ili watu wanaojaribu wapate nafasi. Akafagia mapokezi yote siku ile. Mzee Okelo aliinua miguu apite, akamshukuru kwa Kijaluo, erokamano, na yeye akamjibu kwa Kikuria, kila mmoja kwa yake.

Mutua ndiye aliyepata njia. Alikuwa amesoma chuo kikuu, na mashine ya barua ya pale ilikuwa na sifa njema. Alimwomba mwalimu wake wa zamani ruhusa atumie anwani aliyokuwa nayo enzi za masomo. Nilimtumia orodha, naye akaituma upya kutoka chuoni, akieleza kwamba anaandika kwa niaba ya hospitali yetu. Mchana wa Alhamisi alinipigia simu. Ingrid amejibu. Barua imefika, majina yote kumi na manne anayaona. Ila alikuwa na neno, na Mutua akanisomea lilivyo.

Alisema haijui anwani hii wala mtu huyu. Hospitali imemwandikia kwa jina lisilokuwepo, sasa mtu wa chuo anamwandikia kwa niaba yake. Hawezi kusafirisha madaktari na vifaa kwa barua ya mgeni. Akauliza swali moja: walipoondoka mwaka ule mwingine, hospitali iliwapa zawadi gani?

Mimi sikuwepo mwaka ule. Daktari Omollo alikuwa amekwenda zahanati ya Migori tangu asubuhi, na simu ya huko haikushika. Nilifunika mdomo wa simu kwa kiganja nikamgeukia Mzee Okelo, nikamuuliza.

Alianza kucheka bila sauti, mabega tu. Akasema waliwapa obambla, samaki wa kupasuliwa na kukaushwa juani, gunia nusu, amelifunga yeye mwenyewe kwa kamba. Wageni walishukuru sana mbele ya watu. Walipofika uwanja wa ndege Kisumu wakamwachia dereva gunia kimyakimya kwa sababu ya harufu, na dereva akarudi nalo. Wafanyakazi walilila wiki nzima bila kumwambia Daktari.

Nikamwambia Mutua ajibu: samaki wa kukaushwa.

"Ongeza," Mzee Okelo akasema, "kwamba tunajua pia ni nani aliyewala."

Nilisitasita, lakini Mutua alishamsikia na kuandika. Nilibaki nimeshika simu iliyokwisha kukatwa. Ijumaa sikula. Saa saba sikupiga modemu kabisa, ili laini ikae wazi, na saa saba unusu ikalia. Mutua hakusalimia hata. Alisema wanakuja, wiki ya pili ya mwezi unaofuata, wote. Na Ingrid ameandika mwishoni kwamba hakuna mwongo duniani ambaye angeijua habari ya wale samaki, na kwamba anaomba msamaha kwa gunia.

Nilikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, kati ya kompyuta na rafu ambayo zamani ilikuwa ya mashuka. Mzee Okelo alikuja mlangoni, akaniona, akarudi kwake. Baadaye kidogo nikasikia akimwita Boke.

Nikikaa sasa na vijana wanaofanya kazi yangu ya zamani, huwa naona kwamba swali la Ingrid ndilo kazi yote. Wewe ni nani, na nitajuaje? Mutua alinifundisha baadaye kwamba jina la mtumaji juu ya barua ni maandishi tu, kama jina nyuma ya bahasha. Sikuamini, nikafanya jaribio. Nilimtumia Daktari Omollo barua iliyoonekana kutoka kwa Daktari Omollo, ikiagiza kwamba Rhobi aongezewe wiki ya likizo. Alikuja chumbani kwangu na karatasi mkononi akiuliza ni lini aliandika hiyo. Likizo sikupata, ila tangu siku hiyo kila agizo la dawa lililokuja kwa barua pepe alilithibitisha kwa simu kwanza.

Siku hizi mashine zinaulizana zenyewe, na nyinyi mnakutana na herufi zake kabla ya kukutana na maana. Ile wanayoita SPF ni orodha tu: mwenye jina anabandika hadharani mashine anazoziruhusu kutuma barua kwa jina lake. Kama ingekuwepo wakati ule, na jina letu lingekuwa la kweli, tungeandika humo: Nairobi ruksa, wengine hapana. DKIM ni muhuri. Barua inapigwa muhuri ikitoka, na anayepokea anaukagua kwa ufunguo ambao mwenye jina ameuweka wazi. Mtu akibadili maneno njiani, muhuri haulingani. DMARC nayo ni agizo la mwenye nyumba kwa walimwengu: mkipata barua inayotaja jina langu na haijathibitika kwa orodha yangu wala muhuri wangu, ipitisheni, au itengeni, au ikataeni, na mniletee habari. Hizo habari zikija, someni. Mutua aliacha kuwa na sanduku lisilosomwa, nami nikawa nalisoma la kwetu kila asubuhi kabla ya chai.

Ila msidanganyike kwamba muhuri unamfanya mtu mwema. Unaonyesha tu kwamba jina ni lake. Sifa njema inatafutwa kwa namna nyingine, ya polepole. Usimtumie barua mtu asiyeiomba. Anwani iliyokufa ifute, usiendelee kuigongea. Usijaze barua vitu vizito. Daktari aliwahi kuambatisha picha ya tangi letu jipya la maji, na mapokezi yakakosa simu mchana mzima, mama mjamzito wa Rongo akishindwa kutupata hadi saa kumi. Alifika salama, mtoto akazaliwa salama, lakini picha ya tangi haikutumwa tena. Na ukitaka kujua kama barua ya maana imefika, mwulize aliyetumiwa. Mashine yako mwenyewe itakuambia tu kwamba imeitoa mkononi.

Jina zuri tulilipata mwaka uliofuata, limesajiliwa kwa njia halali. Daktari alichapisha kadi nyingine. Hakuniagizia soda, na mimi sikuidai.

Madaktari walikuja wiki waliyosema. Ingrid alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nene, na jambo la kwanza aliloomba ni kuonyeshwa mzee wa samaki. Walifanya upasuaji siku tisa. Boke aliingia siku ya tatu. Baada ya hapo mgonjwa hulazwa na mpira wa mkojo kwa wiki mbili, na mpaka mpira utolewe hakuna anayejua kama tundu limeziba. Wageni walikuwa wameshaondoka ulipotolewa wa Boke. Nilijizuia nisiende wodini siku hiyo, nikijiambia nina kazi.

Asubuhi yake muuguzi alinijia akasema ninaitwa. Boke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amesuka nywele, matambara yake yamefungwa kwenye kifurushi pembeni, hayakutumika. Hakunisalimia. Alinishika mkono wa kulia akauweka juu ya shuka, pale alipolala usiku kucha.

"Shika," akasema. "Shika vizuri."

Nikashika. Lilikuwa kavu.